Velosiraptori wa filme alitoka wapi?

Wengi wetu tunamjua velosiraptori kupitia filme tu: Jurassic Park ya Steven Spielberg, 1993, iliyotoka kwenye riwaya ya Michael Crichton ya 1990. Mule wanasayansi wanamrudisha kwa damu iliyobaki ndani ya mbu wa kale. Ni mkubwa sawa mtu, anawinda kwa kundi, hata mlango anafungua.

Mimi nauliza swali la historia: huyu mnyama alitungwa kwa nini na nini?

Velosiraptori wa kweli alipewa jina na Osborn mwaka 1924, kwa mifupa ya Mongolia. Alikuwa kama batamzinga tu. Mwaka 2007 watafiti walionyesha alama za manyoya ya ndege kwenye mfupa wa mkono wake. Ule ukubwa wa filme ulitoka kwa binamu yake, denonikusi wa Montana, Marekani, ambaye John Ostrom alimweleza mwaka 1969. Mifupa ya denonikusi kadhaa ilikutwa pamoja na ya mla-majani mkubwa. Njo pale wazo la kundi lilitoka. Lakini kukutwa pamoja si kuwinda pamoja: hata mamba wanakusanyika kwenye mzoga mmoja.

Kwa hiyo, ndani ya TFC yako, sentensi ambayo wote wanairudia, tafuta kwanza nani aliisema na alikuwa na ushahidi gani mkononi.