Zabuni za ujenzi baharini: Taaluma ya kukadiria bei ya mawimbi

UJENZI wa baharini huanzia mezani. Kabla ya meli kung'oa nanga ili ikasimike jukwaa la kuchimbia gesi, ikalaze bomba kwenye sakafu ya bahari au ikasimamishe mitambo ya umeme wa upepo, kuna kikosi ambacho huwa kimekesha kwa wiki kadhaa kikiandaa zabuni: bei, ratiba, orodha ya vyombo na maoni kuhusu masharti ya kandarasi.

Nje ya miji kama Aberdeen nchini Uskoti, Stavanger nchini Norway na Houston nchini Marekani, ambako kampuni nyingi za sekta hii zina afisi, waandaaji hawa hawafahamiki sana. Hata hivyo, makadirio yao huweza kuineemesha kampuni au kuitosa.

Saipem ya Italia ni mfano. Mnamo Januari 2022, baada ya kupitia upya kandarasi ilizokuwa nazo, ilitangaza kwamba hasara ya mwaka 2021 ingezidi theluthi moja ya mtaji wake. Miongoni mwa kandarasi zilizoiponza ni za mitambo ya upepo baharini. Mwaka uo huo ikalazimika kuchangisha mtaji mpya wa Euro 2 bilioni.

Kwa nini makadirio hukosewa na watu waliobobea? Aghalabu bei ya vyuma na malipo ya mafundi hukokotoleka bila matatizo makubwa. Kigumu ni siku za meli. Meli kubwa ya kulaza mabomba au yenye kreni nzito huweza kugharimu mamia ya maelfu ya dola kwa siku moja, iwe inafanya kazi au inasubiri bahari itulie.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba meli inagharimu dola 200,000 kwa siku na kazi yenyewe inahitaji siku 40. Mwandaaji mmoja anatenga siku nane za kusubiri hali nzuri ya hewa, mwenzake wa kampuni shindani anatenga nne. Huyu wa pili ameshusha bei kwa dola 800,000 na huenda akashinda. Bahari ikichafuka siku nane, fedha hizo zitatoka mfukoni mwa kampuni yake.

Kwa hivyo mwandaaji huchunguza takwimu za mawimbi na upepo za miaka mingi, mwezi kwa mwezi, na kuzilinganisha na kimo cha mawimbi ambacho kila kazi huweza kuvumilia. Kuinua mzigo mzito kwa kreni husimama mapema kuliko kazi nyingine nyingi. Manahodha wa mwambao wetu wangemwelewa upesi, maadamu tangu jadi wamepanga safari kwa kufuata kaskazi na kusi.

Suala linalofuata ni nani atakayebeba hasara ya siku hizo. Kandarasi ikiwa ya bei moja isiyobadilika, kwa kawaida mzigo humwangukia mwanakandarasi. Ikiwa ya malipo ya kila siku, mwenye mradi ndiye anayelipia kusubiri. Kati ya mitindo hii miwili kuna mchanganyiko wa kila aina, na mwandaaji mzuri hujua kuuliza maswali ya ufafanuzi kabla ya tarehe ya mwisho, kisha kuandika bayana sharti asilolikubali. Akinyamaza, atahesabiwa kuwa ameridhia.

Fauka ya hayo, kuna vifungu vya fidia. Jukwaa la Piper Alpha lilipolipuka katika Bahari ya Kaskazini mnamo Julai 6, 1988, watu 167 waliangamia, wengi wao wakiwa waajiriwa wa wanakandarasi. Kesi kuhusu nani alipaswa hatimaye kubeba fidia iliendelea hadi 2002, pale mahakama ya juu zaidi ya Uingereza wakati huo ilipoamua kwamba wanakandarasi walifungwa na ahadi waliyoiweka katika kandarasi zao, ya kufidia madai yaliyotokana na vifo vya wafanyakazi wao. (Mhariri aliyewahi kuona koma moja ikipotosha aya nzima hashangai.)

Mtu huingiaje katika taaluma hii? Wengi ni wahandisi au wakadiriaji majenzi. Kuna pia walioanza kwa kutunza nyaraka za zabuni, wakapanda wakawa wasaidizi wa wakadiriaji, kisha wakadiriaji, na hatimaye mameneja wa zabuni wanaosimamia wahandisi, wanasheria na wahasibu kwa pamoja. Kwa maoni yangu, njia iliyo bora hupitia melini. Aliyekaa miezi michache kwenye mradi, akirekodi kila siku kazi ilisonga kiasi gani na ilisimama kwa nini, hurudi afisini na hesabu ambazo hazimo katika kitabu chochote.

Shahada ya uhandisi wa baharini hutolewa katika vyuo kama Delft nchini Uholanzi. Hapa Kenya, ukadiriaji majenzi hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na hesabu zake za vipimo na gharama ni msingi unaotosha kuanzia.

Kazi zenyewe hazijakosekana katika ukanda huu. Kebo ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa mwaka 2009, ikiwa imelazwa na Alcatel-Lucent. Kituo kipya cha mafuta cha Kipevu, kilichogharimu takriban Sh40 bilioni, kilijengwa na kampuni ya Uchina na kuzinduliwa 2022. Mwaka uo huo, Msumbiji ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya gesi kutoka kwa kiwanda kinachoelea cha Coral Sul. Kandarasi kuu za miradi hii zilikwenda kwa kampuni za kigeni, na Mkenya anayetaka kujifunza kazi hii huenda akaanzia kwa mwanakandarasi mdogo anayeomba sehemu tu: boti za kuhudumia meli, wapiga mbizi, au ujenzi wa nchi kavu mahali bomba linapotokea majini.

Huko atakutana na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 pindi mwenye mradi anapokuwa shirika la serikali. Zabuni inayofika baada ya muda kwisha hurudishwa bila kufunguliwa. Mzabuni anayehisi kudhulumiwa ana siku 14 za kuwasilisha rufaa kwa bodi ya kukagua malalamishi ya zabuni, nayo bodi ina siku 21 za kutoa uamuzi.