Foleni ya Kibandani Kisenyi
Pac-Man ilipotoka Japani mwaka 1980, ilichezwa kwenye mashine za kutumbukizia sarafu. Sisi watoto wa Kisenyi, Kampala, tuliukuta mchezo kwenye PlayStation 2, iliyozinduliwa mwaka 2000, ndani ya vibanda vya mabati. Tulilipia kila mechi. Aliyefungwa alimpisha anayefuata. Katika foleni hiyo Wasomali na Waganda tulibishana kwa Kiluganda, tukataniana kwa Kiswahili, tukazoeana. Leo mwenye simu hucheza peke yake, hamsubiri mtu. Kwa hiyo nadai kwamba tunachokikumbuka si mashine, bali uhaba uliotukutanisha. Mwanahistoria atakayeandika kuhusu mitambo pekee ataiacha nje foleni, na foleni ndiyo iliyotufanya majirani.