Elimu na Amali: Mkono na Akili katika Malezi ya Mhandisi

Utangulizi

Wahenga wetu walinena kuwa elimu bila amali ni kama nta bila asali. Katika makala haya tunakusudia kuutazama usemi huo kwa jicho la historia, tukiuliza jinsi wahandisi wetu walivyofundishwa na jinsi inavyofaa wafundishwe.

Mtu apitaye Mpendae, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, huisikia nyundo ya fundi kabla ya kumwona fundi mwenyewe. Chini ya banda la bati pampu ya maji imefunguliwa, na mota yake imeungua. Fundi anautoa waya wa shaba polepole. Kijana aliye pembeni yake anahesabu mizunguko ya kila koili, anapima unene wa waya, na kutia akilini namna ncha zilivyounganishwa. Akikosea hesabu, mota itaungua tena na jirani atakosa maji. Kijana huyo hajaelezwa kwa nini idadi ile ya mizunguko ndiyo ifaayo. Kwa upande mwingine, yuko kijana wa rika lake aliyepo chuo kikuu, awezaye kuandika milinganyo yote ya mota ileile, naye hajapata kuifungua hata moja. Wote wawili ni watoto wa nchi hii. Swali letu ni hili: ni nani aliyewatenga?

Karakana ya Asili

Lugha yetu yatushuhudia kwamba hapo kale hawakutengwa. Fundi, mfunzi, mafunzo na mwanafunzi ni maneno ya ukoo mmoja. Na wahenga wakaongeza: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba hakuna mtazamaji katika karakana. Asiyeweza bado kuipiga nyundo huivuta mivukuto, na kwa kuivuta huujua moto.

Tuchukue mfano wa waunda vyombo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Jahazi huanza kwa mkuku, kisha mbao na mataruma hufuata, na fundi huongozwa na jicho lake bila mchoro wa karatasi. Mwanagenzi huanza kwa kazi ndogo: kushika ubao, kuzungusha keekee, kusokota pamba ya kukalafati. Tezo hupewa baadaye, mkono ukishatulia. Mtihani wake haufanywi chumbani; chombo hushushwa majini, na bahari ndiyo msahihishaji.

Hata hivyo, tusiisifu karakana hiyo kupita kiasi. Ilikuwa na upungufu mkubwa. Fundi alijua kuwa jambo fulani hufaa, lakini mara nyingi hakuwa na njia ya kueleza kwa nini hufaa, wala ya kukokotoa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu. Fundi alipofariki, sehemu ya elimu yake ilizikwa pamoja naye.

Mkono Watengwa na Akili

Kutengwa kwa mkono na akili hakukuanza kwetu, wala si kwetu tu kulikoleta shida. Huko Urusi, Chuo cha Ufundi cha Moscow kilibuni katika miaka ya 1860 utaratibu wa kuwapitisha wanafunzi wa uhandisi katika karakana, zoezi baada ya zoezi. Utaratibu huo ulionyeshwa katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. John Runkle, aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, aliuona akavutiwa nao, na karakana zikaanzishwa chuoni kwake. Katika karne ya 20 vyuo vingi vilielemea tena upande wa nadharia. Ndipo vingine vikarejea kwenye vitendo: Chuo Kikuu cha Aalborg cha Denmark, kilichoanzishwa 1974, kilijengwa tangu mwanzo juu ya miradi inayofanywa na wanafunzi kwa vikundi.

Katika Afrika Mashariki tatizo lilikuwa zito zaidi, kwa sababu serikali ya kikoloni ilihitaji zaidi makarani kuliko wavumbuzi. Mtoto alifundishwa kuwa kalamu ni heshima na nyundo ni adhabu. Ni kweli kwamba zilikuwapo jitihada. Mombasa kulianzishwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu, iliyochangiwa fedha na Aga Khan na Sultani wa Zanzibar miongoni mwa wengine. Ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Nairobi ilipata chuo chake cha ufundi mwaka 1956, na Dar es Salaam mwaka 1957. Lakini ngazi ya shahada ilibaki mbali. Hata baada ya uhuru, Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi bila kutoka Afrika Mashariki ilimlazimu kwenda Nairobi.

Mwamko wa Kitaifa

Visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964, kilijengwa chuo cha ufundi huko Mbweni. Kiliitwa Chuo cha Ufundi Karume, na baadaye kikajulikana kama Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia. Bara, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilaumu elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya adhani kuwa maarifa yote yamo vitabuni.

Fikra hizo zilipata umbo katika uhandisi mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mafunzo kwa vitendo yalifanywa sehemu ya shahada yenyewe. Mwanafunzi alipita karakana za chuo, kisha akapelekwa viwandani na kwenye miradi ya ujenzi, ambako msimamizi wake huenda akawa fundi asiye na shahada. Hapo mkono na akili vilikutana tena. Mwanafunzi alijifunza kwamba mchoro ulio sahihi unaweza kushindwa kutengenezeka, na fundi alipata wa kumweleza kwa nini.

Somo la Giza

Thamani ya jambo hili tuliionja Unguja kwa uchungu. Tangu 1980 kisiwa kilipata umeme kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Mwaka 2008 umeme huo ulikatika kwa takriban wiki nne, Mei hadi Juni. Ukakatika tena Desemba 2009, na haukurudi hadi Machi 2010. Nyumba za Mpendae, kama za mitaa mingine, ziliingia gizani. Pampu zikanyamaza, na maji yakatafutwa kwa ndoo. Waya mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013.

Hatusemi kwamba giza lile lililetwa na uhaba wa maabara. Tunasema kwamba siku ya msiba hakuna anayeuliza cheti. Huulizwa nani ajuaye kutafuta hitilafu ilipo na kuiondoa. Ujuzi wa namna hiyo hauzaliwi siku ya msiba. Huzaliwa katika maabara, pale mwanafunzi anapoiendesha mota bila mzigo, kisha akaifunga rota isizunguke, akasoma vipimo, akaona havilingani na kitabu, na akalazimika kuitafuta sababu.

Hitimisho

Walimu wenzetu, hatuna budi kukiri kosa letu. Mara ngapi tumechora jaribio ubaoni na kuliita somo la vitendo? Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara zilifanya mtihani mbadala, ambamo mwanafunzi alieleza kwa kalamu jambo ambalo mikono yake haikuligusa. Kijana wa namna hiyo akifika chuo kikuu huiogopa mashine, na woga huo huuficha nyuma ya milinganyo.

Leo milango imeongezeka. Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras ilifungua tawi lake Bweleo, si mbali na Fumba ambako waya wa umeme hutokea baharini. Ni jambo la kushukuru. Lakini majengo peke yake hayatamaliza utengano tuliourithi. Utamalizika siku ambayo mwanafunzi wa shahada atakaa katika banda la Mpendae akihesabu mizunguko ya koili pamoja na yule kijana, naye yule kijana atafunguliwa mlango wa maabara aelezwe kwa nini hesabu ile ndiyo ifaayo. Hapo nta itapata asali yake.