Mlokole

Neno hili tumelipata Uganda. Kwa Kiganda, omulokole ni mtu aliyeokoka. Wingi wake ni abalokole. Lilienea pamoja na uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, kisha ukavuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika. Miongoni mwa waasisi wake ni Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza.

Jirani hakuhitaji kumsikia mlokole wa siku zile akihubiri ndipo amtambue. Aliyetubu aliwarudia aliowakosea: alilipa deni alilokuwa amelikana, alirudisha alichoiba, hata kama ni mali ya mwajiri, na aliungama mbele ya watu.

Leo hapa Tanzania tunamwita mlokole mtu wa makanisa ya kiroho, asiyegusa pombe wala kwenda disko. Wapo wanaolitamka neno kwa kejeli. Naamini kejeli hiyo haikuletwa na mikesha ya maombi. Imeletwa na mshahara wa dada wa kazi unaopigwa kalenda, na mizani ya dukani inayopunja.

Ndugu yangu uliyeokoka, kabla ya ibada ya Jumapili, mlipe anayekudai.