Luseti: mfupa wenye jina lakini bila maelekezo

Haya wasomaji, leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, ingawa mtaona hatuendi mbali nayo. Nataka kuzungumzia luseti, kifaa cha Ulaya cha kufumia kamba nyembamba. Ukikiona utadhani ni panda ya manati iliyong'olewa mpira: mpini mfupi na meno mawili. Vingine vina tundu katikati.

Ukisuka nyuzi tatu kama nywele, sharti uzikate kwanza, na hapo urefu wa kamba umeshaamuliwa. Luseti hutumia uzi mmoja unaotoka moja kwa moja kwenye donge, na kamba huendelea mpaka uzi uishe. Programu yake yote ni hii:

1. Pitisha ncha ya uzi tunduni, uishike nyuma.
2. Zungusha uzi kwenye meno mawili kwa umbo la nane, kila jino lipate kitanzi.
3. Laza uzi mbele ya jino la kulia, juu ya kitanzi.
4. Inua kitanzi kile, kivushe juu ya uzi na ncha ya jino. Kaza.
5. Geuza luseti, jino la kushoto liwe la kulia. Rudi hatua ya 3.

Ukichoka, kata uzi, pitisha ncha katika vitanzi viwili vilivyobaki, kisha vuta.

Je, kifaa hiki ni cha tangu lini? Wapenzi wake wengi husema ni cha Wavikingi. Mjini Lund, kusini mwa Uswidi, ulifukuliwa mfupa wenye meno mawili uliochongwa herufi za runi, na mojawapo ya maneno yake ni "bein", yaani mfupa. Aliyeuchonga aliandika kitu chenyewe ni nini, lakini hakuandika kinafanya kazi gani! Kuuita luseti ni makisio yanayotokana na umbo.

Ushahidi imara zaidi ni wa karne ya 18 na 19, luseti za mbao, mfupa na pembe za ndovu zilipotumika kutengeneza kamba za kufungia nguo. Lakini mwaka 1748 Thomas Walford wa Manchester alikuwa amepata hataza ya mashine ya kusuka. Kamba za mashine ziliposhuka bei, luseti ikasahaulika. Mashine za ukoo huo ndizo husuka hata wavu wa shaba ulio ndani ya waya wa antena ya televisheni.

Luseti imefufuka kwa sababu kuna watu walioandika hatua zake. Nami katika kazi yangu hukutana na programu zilizo kama ule mfupa wa Lund: jina lipo, aliyeziandika ameshaondoka, na sisi tuliobaki tunakisia kwa umbo. Mwandishi wa programu, tafadhali, andika maelekezo.

Basi tafuta panda na uzi wa sufu, ujaribu.