Uhuru: Setilaiti Iliyorushwa Pwani ya Kenya Kusaka Eksirei za Nyota

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, chini ya Profesa Luigi Broglio. Setilaiti iliyobebwa, yenye uzito wa kilo 140 hivi, ilikuwa ya Wamarekani. Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo NASA, alipendekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji. Hakukuwa na setilaiti nyingine kabla yake iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota.

Eksirei ziligunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895. Ni mawimbi ya sumakuumeme kama mwanga wa jua, ila ni mafupi zaidi na yana nishati kubwa. Eksirei ikikutana na atomi inaweza kuing'oa elektroni ya ndani, ikaipa nishati yake yote, yenyewe ikatoweka papo hapo. Kalsiamu ya mifupa huzinasa kwa wingi kuliko kaboni na oksijeni za nyama, na ndiyo maana daktari huona mfupa uliovunjika.

Mtu angedhani hewa, nyepesi kuliko nyama, haiwezi kuzizuia. Lakini hewa iliyo juu ya vichwa vyetu ni nyingi ajabu: uzito wake ni sawa na wa maji yenye kina cha mita 10. Naitrojeni na oksijeni huzimaliza eksirei za nyota juu kabisa, zisifike ardhini. Anayezitaka hana budi azifuate huko huko.

Mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walizifuata kwa roketi Juni 1962, kutoka jangwa la New Mexico. Walitarajia kuona eksirei zinazotokea Jua linapoupiga Mwezi. Badala yake wakakuta chanzo kikali upande wa kundinyota la Nge. Roketi hiyo ilikuwa na dakika chache tu juu ya hewa kabla ya kurudi chini. Giacconi alihitaji chombo cha kukaa huko miezi na miaka, na Uhuru ikawa chombo hicho.

Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa sababu nzito. Karibu na ikweta, mzunguko wa Dunia huisukuma roketi inayoelekea mashariki. Tena, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe za mionzi zilizojaa juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo zingevuruga vipimo.

Ndani ya Uhuru mlikuwa na vyombo viwili vyenye gesi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba vilifanya kazi kwa tukio lile lile linalotuzibia mbingu: eksirei iliing'oa elektroni ya atomi ya gesi, umeme mdogo ukazuka, ukahesabiwa. Setilaiti ilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, ikipitia anga kipande kwa kipande.

Mavuno yalikuwa makubwa. Centaurus X-3 ilionekana kupiga kila sekunde 4.8, na kufichika kila baada ya siku mbili na ushei. Maana yake ni nyota ya nutroni inayoizunguka nyota kubwa, ikivuta gesi yake. Gesi hiyo huanguka kwa kasi, hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na kutoa eksirei. Cygnus X-1 nayo ilimetameta haraka bila mpangilio, na upimaji wa nyota iliyo jirani yake ukawafanya wanafalaki waamini kwamba hapo pana shimo jeusi. Hata baina ya galaksi zilizokusanyika pamoja, Uhuru ilikuta gesi yenye joto kali ambayo darubini za kawaida haziioni.

Kazi ilikoma Machi 1973. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyotoka 1978, ina vyanzo 339, na mpaka leo wanafalaki huviita vingi kati yake kwa majina yanayoanza na 4U, herufi U ikiwa ni ya Uhuru.