Mama Aliyeoa

Uholanzi ilihalalisha ndoa za jinsia moja mwaka 2001, na Afrika Kusini mwaka 2006. Basi hapa Kimulot wako wanaoniuliza, "Pasta, kwani nyanya zetu hawakuoana?"

Hayo si mamoja. Kwa desturi ya Wakipsigis na Wanandi, mama mzee asiye na mtoto wa kiume alitoa ng'ombe wa mahari akaoa msichana. Hawakukutana kimwili. Msichana alizaa na mwanamume, na mtoto akairithi nyumba ya yule mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 45, yataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Hata hivyo mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa, mbele ya Jaji Jackton Ojwang, iliitambua ndoa ya desturi hii katika shauri la urithi.

Mimi siibariki. Lakini someni Ruthu 4: wanawake walisema Naomi amepata mwana, wala si yeye aliyemzaa! Basi mtoto wa nyumba kama hiyo akiletwa abatizwe, na wazee wa kanisa wakauliza baba yake ni nani, mimi huandika majina ya mama wote wawili.